Mafuta ya CBD na ugonjwa wa mawazo: safari ndefu ya diamba

Katika jamaa nyingi za Goma, Bukavu na Bunia, habari ya mafuta ya CBD inafika kwa simu. Mama amepoteza usingizi tangu wahame. Nyumba ya vyumba viwili imepokea jamaa ya pili, shangazi na watoto wanalala sebuleni, kilio cha mzee hakijamalizika, pesa za masomo hazijapatikana, na maneno kati ya wakwe hayaishi. Kila mtu anawaza. Upande wa pili wa simu yuko mtoto aliyefika Ubeljiji, Kanada au Marekani. Anasikia sauti ya mama imebadilika, naye anaeleza kuwa huko watu wanatia matone machache chini ya ulimi na roho inatulia. Anaahidi kutuma chupa.

Chupa ikifika, maswali nayo yanafika. Je, hii ni bangi au si bangi? Polisi akiiona itakuwaje? Mtoto anayeshtuka usiku, naye apewe? Nani ameipima? Majibu ya maswali hayo yana historia, na kipande kikubwa cha historia hiyo ni cha Kongo, ingawa si wengi waliofundishwa shuleni.

Mmea wenyewe asili yake ni Asia. Ulifika pwani ya Afrika Mashariki pamoja na biashara ya Bahari ya Hindi, na neno bangi nalo limetoka India. Kutoka pwani uliingia bara, mkono kwa mkono, karne nyingi kabla ya Wazungu kufika. Upande wa magharibi, Angola na Kasai, watu waliupa jina lingine: liamba, riamba, diamba. Ndiyo maana hata leo mtu wa Kivu anasema bangi na mtu wa Kinshasa anasema diamba, na wote wawili wanataja kitu kimoja.

Mwaka wa 1881 Wajerumani wawili, Paul Pogge na Hermann von Wissmann, walifika kwa watu walioitwa wakati ule Bashilange, ambao leo wanajulikana kama Bena Lulua, karibu na mto Lulua. Walikuta jambo ambalo hawakulitegemea. Chifu Kalamba Mukenge na watu wake walijiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi. Kufuatana na maandishi ya Wissmann, miaka kadhaa nyuma nchi ile ilikuwa imejaa vita, kijiji kwa kijiji, ukoo kwa ukoo. Kisha Wachokwe walikuja kutoka kusini wakitafuta pembe za tembo, mpira na watumwa, na desturi ya kuvuta bangi ikaenea kwa vijana. Vijana wakafanya chama. Walichoma hirizi na sanamu za zamani, wakakataa pombe ya michikichi, wakaacha kubeba silaha ndani ya vijiji. Nchi yao waliiita Lubuku, maana yake urafiki. Walipokutana njiani walisalimiana kwa neno moyo, ambalo kwa Kiluba cha Kasai ni uhai, na salamu hiyo haijakufa hadi leo.

Bangi ilivutwa pamoja, kwa kiko kilichotengenezwa kwa kibuyu kikubwa. Walipofanya mapatano na jirani, walivuta. Walipomhukumu mtu, hawakumuua kama zamani: mkosaji alilazimishwa kuvuta mpaka azimie, kisha shauri likaisha. Mwenye ugomvi na ndugu yake alikaa naye kwenye duara lile lile.

Isidhaniwe kuwa Lubuku ilikuwa paradiso. Wazee waliokataa desturi mpya walifukuzwa, na wengine waliuawa. Biashara ya watumwa iliendelea. Tena, sehemu kubwa ya habari hizi imepita kwenye kalamu ya msafiri mmoja wa Ulaya aliyehitaji msaada wa Kalamba ili apite, na mtu anayehitaji msaada husifu. Lakini jambo moja linaonekana wazi hata hivyo. Watu wa Kalamba hawakutumia mmea peke yake. Kulikuwa na duara, salamu, sheria ya kuacha silaha, na hukumu iliyojulikana na wote. Haikuwa dawa ya mtu mmoja aliyejifungia chumbani na mawazo yake. Mwaka wa 1884 Wissmann alirudi akaanzisha kituo cha Luluabourg, ambacho leo ni Kananga, na Kalamba alimsaidia. Baadaye chifu huyo aligombana na dola la Leopold na mapatano yakavunjika. Ardhi hiyo iliyoitwa urafiki ndiyo iliyoona vita vya 1959 kati ya Lulua na Baluba, na ndiyo tena ambayo mwaka wa 2016 na 2017 zaidi ya watu milioni 1 walikimbia makwao katika majimbo ya Kasai.

Jina la diamba lilikuwa limevuka bahari zamani, kabla ya Kalamba kuzaliwa. Watu waliokamatwa Angola na Kongo na kuuzwa utumwani Brazil walifika na maneno yao. Hadi leo Wabrazili wana maneno diamba na liamba, na jina lao la kawaida la bangi, maconha, limetoka katika Kimbundu cha Angola. Mwaka wa 1830 baraza la mji wa Rio de Janeiro lilitoa sheria juu yake: muuzaji alipe faini, na mtumwa aliyevuta afungwe siku 3. Brazil hii ifaa kukumbukwa, kwa sababu historia itairudia.

Kongo nayo ilikatazwa. Dola la Leopold liliipiga bangi marufuku mwanzoni mwa karne ya 20, na Wabeljiji waliendelea hivyo hivyo. Mwaka wa 1925, kwenye mkutano wa Geneva, Misri ilisukuma sana ili bangi iingizwe kwenye mapatano ya dunia juu ya madawa ya kulevya, na mapatano ya 1961 yakakaza zaidi. Sheria zote hizo ziliuangalia mmea kama kitu kimoja. Wakati ule kilichokuwa ndani yake kilikuwa hakijajulikana vizuri.

Mtu wa kwanza kuitoa CBD ndani ya mmea na kuiweka peke yake alikuwa Roger Adams wa chuo kikuu cha Illinois, Marekani, mwaka wa 1940. Alitumia bangi mwitu ya jimbo la Minnesota. CBD ni kifupi cha kanabidioli. Alikuwa nayo mkononi lakini umbo lake kamili hakulipata. Kazi hiyo ilimaliziwa Israeli na Raphael Mechoulam mwaka wa 1963. Mwaka uliofuata, yeye na Yechiel Gaoni waliitoa THC, ile sehemu inayolewesha. Mechoulam alipenda kusimulia jinsi alivyopewa na polisi kilo 5 za bangi ya Lebanoni iliyokamatwa, akaipakia kwenye mfuko na kurudi nayo ndani ya basi, abiria wakiuliza harufu hiyo ni ya nini.

Kutenganisha huko ndiyo kiini cha habari yote. Ndani ya jani moja kuna THC, ambayo inalewesha na ambayo ikizidi inaleta hofu, moyo kupiga mbio, na kwa wengine kusikia sauti zisizokuwapo. Na kuna CBD, ambayo hailewi mtu. Kijana wa kambini anayevuta bangi ili asahau mara nyingi anaongezewa kile kile anachokikimbia. Matone yanayotumwa na mtoto wa ng'ambo ni kitu kingine, ikiwa chupa inasema kweli.

Hapo ndipo Brazil inarudi. Elisaldo Carlini na wenzake wa São Paulo, pamoja na Mechoulam, waliwapa CBD watu 8 wenye kifafa ambacho dawa za kawaida hazikukituliza. Mwaka wa 1980 walitangaza kuwa wanne kati yao walikaa karibu bila kuanguka tena wakati wote wa jaribio. Mwaka wa 1982 Antonio Zuardi alionyesha jambo linalogusa moja kwa moja ugonjwa wa mawazo: watu wenye afya walipopewa THC walishikwa na hofu, na walipopewa THC pamoja na CBD hofu hiyo ilipungua. Nchi iliyomfunga mtumwa siku 3 kwa ajili ya diamba ndiyo iliyokuja kufundisha dunia kwamba ndani ya diamba kuna kitu kinachotuliza.

Zuardi na wenzake wa Ribeirão Preto waliendelea. Njia yao ya kupima wasiwasi ilikuwa rahisi: mtu anaambiwa asimame aseme hotuba mbele ya kamera au mbele ya watu, na wanganga wanapima hofu yake. Mwaka wa 1993 walitoa miligramu 300 za CBD, na hofu baada ya hotuba ikapungua. Mwaka wa 2011 walichukua watu 24 wenye ugonjwa wa kuogopa watu, nusu yao wakapewa miligramu 600, na hao walisema hotuba bila kutetemeka sana kama wenzao. Mwaka wa 2017 walilinganisha vipimo vitatu, 100, 300 na 900. Ni 300 peke yake iliyosaidia. Kidogo hakikufanya kitu, na kingi nacho hakikufanya kitu.

Hesabu hii ifanywe polepole, kwa sababu wauzaji hawaifanyi. Chupa ndogo za kawaida zina mililita 30. Ikiandikwa miligramu 300, maana yake CBD yote iliyomo, toka kifuniko hadi chini, ni sawa na kipimo kimoja alichomeza mtu mmoja mara moja kule Ribeirão Preto. Matone matano au kumi ni miligramu chache tu. Jaribio lililofanya CBD isifiwe kwa wasiwasi, na kile ambacho mama anatia chini ya ulimi, ni vitu viwili vilivyo mbali sana. Tena majaribio hayo yalikuwa ya dakika na masaa: hofu ya hotuba, mara moja, kisha mtu anarudi nyumbani. Hakuna aliyekuwa amepoteza shamba, mume na nyumba katika wiki moja. Mtu akisema alilala vizuri baada ya matone, hasemi uongo. Lakini kutunzwa na mtoto aliye mbali, kupokea kitu kutoka mikononi mwake, nako kunalaza.

Jina la CBD lilienea dunia nzima kwa sababu ya mtoto, si kwa sababu ya wasiwasi. Charlotte Figi, msichana wa Colorado, Marekani, alikuwa na kifafa kikali cha utotoni. Mwaka wa 2013 televisheni CNN ilionyesha jinsi mafuta ya bangi yenye CBD nyingi na THC kidogo yalivyopunguza mashambulizi yake. Wazazi kutoka majimbo mengine walihamia Colorado. Majaribio makubwa yalifuata, na mwezi wa sita 2018 Marekani ilikubali dawa ya Epidiolex, CBD safi, kwa aina mbili za kifafa kikali cha watoto. Mwezi wa kumi na mbili mwaka huo huo sheria ya kilimo ya Marekani iliruhusu kulima bangi yenye THC isiyozidi asilimia 0.3. Toka hapo mlango ulifunguka. CBD ikawekwa kwenye mafuta, pipi, sabuni, hata chakula cha mbwa, na wauzaji wakaahidi kuponya kila kitu. Ofisi ya Marekani inayosimamia dawa iliwaandikia wengi wao barua za kuwaonya. Kwa hiyo dawa iliyopimwa ni ya kifafa, kwa kipimo cha munganga. Chupa ya dukani ni ndugu yake wa mbali.

Mwaka wa 2017 jarida la wanganga wa Marekani, JAMA, lilichapisha kazi ya watafiti walionunua bidhaa 84 za CBD kwenye intaneti na kuzipima. Karibu asilimia 31 tu zilikuwa na kipimo kilichoandikwa juu yake. Nyingine zilikuwa na zaidi, nyingine pungufu. Na katika bidhaa 18 kati ya hizo 84 walikuta THC. Jamaa inayopokea chupa haina maabara ya kujua iko kwenye fungu gani.

Hilo la THC si dogo kwa mtu wa Kongo. Shirika la afya la dunia, OMS, lilisema mwaka wa 2018 kwamba CBD safi haimfanyi mtu kuwa mtumwa wake, na mwaka wa 2020 tume ya Umoja wa Mataifa iliiondoa bangi kwenye orodha ya madawa mabaya kuliko yote. Nchi kadhaa za Afrika zimefungua mlango kidogo: Lesotho ilianza kutoa vibali mwaka wa 2017, na Rwanda iliruhusu kilimo cha bangi ya dawa kwa kuuzwa nje, huku raia wake wakiendelea kukatazwa kuitumia ovyo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomlinda mama anayepita mpakani na chupa yenye picha ya jani la bangi. Kongo bangi imekatazwa, na askari wa kizuizi hatasoma asilimia zilizoandikwa kwa herufi ndogo. Mtoto aliyeko ng'ambo, ambaye ananunua chupa dukani karibu na mkate, mara nyingi hafikirii jambo hilo.

Kuna na mwili wenyewe. Majaribio ya Epidiolex yalionyesha kuwa CBD kwa kipimo kikubwa inaweza kuumiza ini, zaidi sana kwa mgonjwa anayemeza valproate, dawa ya kifafa inayojulikana pia huku. Inaleta usingizi wa mchana, kuhara, na kukosa hamu ya kula, na kwa mtoto ambaye tayari chakula chake ni kidogo hilo la mwisho si mchezo. Inagongana na dawa za kulainisha damu. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha anashauriwa asiiguse. Mtoto anayeshtuka usiku kwa sababu ya risasi alizosikia hana ugonjwa wa Charlotte Figi, na matone hayo hayakupimwa kwa ajili yake. Mwenye kifafa anayesikia habari za Colorado naye asitupe vidonge vyake kusubiri chupa. Kuacha dawa ya kifafa ghafla kunaweza kumwangusha vibaya kuliko zamani.

Wakati CBD ikipimwa kwa wanafunzi na hotuba zao, kitu kingine kilipimwa Kivu kwenyewe, na kinasemwa kidogo sana. Watafiti wa vyuo vikuu vya Johns Hopkins na Washington, pamoja na shirika la IRC, walifanya kazi na wanawake 405 wa vijiji vya Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini waliofanyiwa ukatili wa kingono, wenye huzuni, hofu na wasiwasi mkubwa. Katika vijiji vingine mwanamke alipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Katika vingine wanawake walikaa kwa makundi madogo, wakiongozwa na wanawake wa huko huko waliofundishwa kazi hiyo, wakajifunza kuyachunguza mawazo yao: lipi ni la kweli, lipi limeletwa na mateso. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2013. Miezi 6 baada ya kumaliza, kati ya wale wa msaada wa mtu mmoja mmoja asilimia 42 walikuwa bado na dalili za huzuni kubwa au wasiwasi. Kati ya wale wa makundi, asilimia 9.

Uganda nako, kwenye kambi ya Rhino, wanawake wakimbizi 694 wa Sudani Kusini waliingia kwenye jaribio la OMS. Nusu yao walikutana mara 5, wiki kwa wiki, kusikiliza pamoja sauti iliyorekodiwa inayofundisha jinsi ya kukaa na mawazo mazito bila kuzama ndani yake. Mahangaiko yalipungua, ingawa baada ya miezi 3 nafuu ilikuwa ndogo kuliko mwanzoni. Sauti, mkeka, na watu wa kukaa nao: ndivyo vilivyohitajika.

Katika vituo vya afya vya Kivu na Ituri vinavyosaidiwa na mashirika, mtu wa kazi hiyo anaitwa APS, msaidizi wa kisaikolojia na kijamii. Hakai kila siku, na penye vita huenda hayuko kabisa, basi mama aulize kwanza ni siku gani anapatikana. Mtoto aliyeko ng'ambo naye anaweza kusaidia hapo. Pesa ya chupa moja ya CBD kule Ulaya, ikitumwa kwa simu, inatosha kumlipia mama moto ya kwenda na kurudi kituoni kwa wiki nyingi, na vocha inayobaki wazungumze jioni.